Karatasi Haina Miguu

Wanafunzi walimwita Profesa Nusu, na si kwa sababu alikuwa mfupi, ingawa mfupi alikuwa. Walimwita hivyo kwa sababu katika miaka yote aliyosahihisha mitihani hakuna kiumbe aliyewahi kuona nusu alama ikitoka kwenye kalamu yake. Ukipata kumi na moja na nusu, yeye anaandika kumi na moja, na ile nusu inakwenda inakokwenda. Waliomfuata ofisini kuidai aliwajibu kwa upole kwamba hata mvua ikinyesha nusu kiwanja, mkulima hupanda palipolowa tu. Alikuwa mwalimu wa sayansi ya udongo, na mifano yake yote ilitoka shambani.

Mtu wa namna hiyo hapendwi haraka, ila huaminiwa, na kuaminiwa ndiko kulikompandisha. Alianza kama mwalimu msaidizi mwenye suruali mbili. Akawa mkuu wa idara mwaka ambao hata chaki ziligawanywa vipande, akawa mkuu wa kitivo, akawa naibu, na miaka minane ya mwisho akawa Makamu Mkuu wa Chuo, yaani yule anayekiendesha chuo kila siku, huku Mkuu wa Chuo mwenyewe akija mara moja kwa mwaka kuvaa joho na kutunuku shahada. Kazi yake ya kwanza alipokalia kiti hicho haikuwa hotuba. Alikwenda kukagua vyoo vya mabweni, daftari mkononi, akaandika kila bomba linalovuja. Wakubwa wenzake walicheka chini kwa chini. Wanafunzi hawakucheka, maana wao ndio waliovitumia.

Usione vyaelea, vimeundwa. Huyu aliundwa na mama yake, mfagizi wa shule ya msingi. Alfajiri walikuwa wakitangulia wawili shuleni, mama na ufagio, mwana na macho yake tu, na mtoto alijifunza kusoma kutoka kwenye maandishi ya jana ubaoni kabla mama hajayafuta. Yule mama alikuwa na mwiko mmoja: hatupi karatasi iliyookotwa sakafuni bila kuitazama pande zote mbili. Akikuta ina maandishi ya mtoto, anaiweka juu ya meza ya mwalimu na kuikalisha na kijiwe. "Karatasi haina miguu," alimwambia mwanawe. "Ukiikuta chini ujue kuna mtu imemponyoka. Mtafute mwenyewe." Mwana alikua, akasoma, akavuka bahari akarudi, na ule msemo akaja nao. Tatizo ni kwamba njiani uligeuka maana, na yeye hakujua.

Chuoni hapo palikuwa na mtu mmoja aliyejulikana kumzidi hata Profesa Nusu. Huyo ni Mama Mafundo, msimamizi wa stoo ya mitihani. Siku ya mtihani kila mwanafunzi hupewa daftari la majibu lenye namba yake, si jina. Likijaa, anaomba karatasi za nyongeza, na akimaliza anazifunga pamoja na daftari lake kwa uzi mweupe unaopita kwenye tundu la pembeni. Mama Mafundo ndiye aliyegawa nyuzi hizo. Alipita ukumbi hadi ukumbi kabla ya kengele, mwanamke mrefu mwenye miwani inayoning'inia kifuani, akasimama mbele na kusema maneno yale yale: "Mafundo mawili, wanangu. La kwanza la kufunga, la pili la kulilinda la kwanza." Wanafunzi walimwiga sauti mabwenini. Waliomaliza miaka ishirini nyuma, wakikutana arusini, walisalimiana kwa maneno hayo. Profesa mwenyewe aliwahi kutania kwenye tafrija ya wafanyakazi kwamba chuo kinasimama juu ya nguzo mbili, katiba yake na mafundo ya Mama Mafundo. Ukumbi mzima ulicheka. Mama Mafundo naye alicheka, lakini kidogo.

Zilibaki wiki tano Profesa astaafu. Ukumbi mpya wa mitihani ulikuwa unapakwa rangi, na herufi za jina lake, zilizokatwa kwa bati linalong'aa, zilikuwa zimelala stoo kwa mkandarasi zikisubiri kupandishwa ukutani. Yeye alikuwa ofisini akifungasha vitabu vya kuipa maktaba. Katibu wake alikuwa ametoka kutafuta maboksi. Kwenye rafu ya juu kabisa kulikuwa na kitabu kikubwa cha ramani za udongo, kizito kama mtoto wa mwaka, ambacho hakukifungua tangu ramani mpya zitoke. Alikishika kwa majalada yote mawili akakikung'uta, kama mama yake alivyomfundisha. Zikadondoka karatasi mbili.

Zilikuwa karatasi za nyongeza. Juu yake, kwa mwandiko wa kulala kidogo upande wa kulia: namba 417, swali la nne. Hazikuwa na alama yoyote ya kalamu nyekundu. Kwenye tundu la pembeni kilikuwa kimebaki kipande cha uzi, kimegeuka manjano, kikiwa na fundo moja lililolegea.

Alikaa. Kumbukumbu haikuja kwa kishindo. Ilikuja taratibu, kama mgeni anayepiga hodi akijua wazi kwamba umo ndani.

Ilikuwa miaka thelathini na moja iliyopita. Wakati huo alikuwa anaandika tasnifu yake ya udaktari na kusahihisha mitihani kwenye meza moja, ile ya kulia chakula, ramani zimetandazwa mpaka kwenye viti na kitabu kile kikubwa kikiwa wazi kati ya madaftari. Madaftari mia moja na sitini, siku nne. Daftari la 417 alilikumbuka kwa sababu lilimuudhi. Mwanafunzi hutakiwa kuandika juu ya jalada namba za maswali aliyojibu, na huyu alikuwa ameandika 1, 2, 4, 6. Ndani kulikuwa na la kwanza, la pili na la sita. La nne halikuwepo. Profesa, ambaye wakati huo hakuwa profesa bado lakini kichwa kilikuwa kimeshaanza kuvimba, aliijua mbinu hiyo, au alidhani anaijua: wapo wavivu wanaoorodhesha swali ambalo hawakuligusa, ili msahihishaji adhani karatasi imepotea na kuwaonea huruma. Aliizungushia ile 4 duara na alama ya kuuliza, akapiga kistari kwenye orodha ya alama, akajumlisha. Thelathini na tatu. Kufaulu kulianzia arobaini.

Lilikuwa somo kuu la mwaka wa mwisho, na enzi hizo aliyeanguka hapo alifunga virago. Hakukuwa na kurudia. Binti mmoja alikuja ofisini na barua ya rufaa, akasema aliandika karatasi mbili na alizifunga kwa mkono wake. Mwalimu wake alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa. "Karatasi haina miguu," alisema, na kalamu ikaendelea na safari yake. Kamati ya rufaa ilimuuliza, naye akajibu, na kwa kuwa aliaminiwa, mambo yakaishia hapo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, lakini mtu kijana mwenye tasnifu mezani hana muda na wahenga.

Katibu aliporudi na maboksi alimkuta bosi wake amesimama dirishani, kitabu cha ramani kipo sakafuni. Akamuuliza kama hicho nacho kinakwenda maktaba. Akajibiwa kwamba hicho kisubiri. Karatasi zilikuwa zimeshaingia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Zikakaa humo siku tatu. Siku tatu si nyingi, lakini mtu akiwa anajadiliana na nafsi yake zinatosha kumfanya azeeke. Alijiambia kwamba yule binti sasa ni mama mzima popote alipo, amejenga maisha yake, na kumwendea sasa ni kumtonesha kidonda. Alijiambia kwamba huenda hata jibu lenyewe lilikuwa baya, maana alikuwa bado hajathubutu kulisoma. Alijiambia kwamba chuo kina maadui na jambo hili lingewapa la kusema. Yote yalikuwa na sura ya hekima. Ukweli ni kwamba hakuwa anamwonea huruma yule binti. Alikuwa anajionea huruma mwenyewe, na zile herufi za bati.

Mkewe alikuwa mkunga mstaafu, na wakunga hawadanganyiki kirahisi. Siku ya tatu alitaka kulifua lile koti, mumewe akalikumbatia kama anayenyang'anywa mtoto. Mkewe akaliachia, akavuta kiti akaketi mbele yake.

"Baba, hilo koti lina nini?"

Akamweleza. Alipofika mwisho alisubiri kufarijiwa, kama ilivyo ada ya wanaume waliokosea. Mkewe hakuwa na haraka hiyo. Alimwambia kwamba wodini kwao kosa liliandikwa kitabuni siku hiyo hiyo, hata kama mtoto amezaliwa salama na mama anacheka, na aliyekosea ndiye aliyeliandika kwa mkono wake. Yeye amechelewa miaka thelathini na moja, basi asiongeze siku. Profesa akataja jina lake, na ukumbi, na wiki tano zilizobaki.

"Mficha uchi hazai," mkewe akasema. "Na hilo mimi sikuhadithiwa. Nimeliona kazini kila siku."

Kesho yake asubuhi alipiga moyo konde, akashuka mwenyewe hadi stoo ya mitihani. Angeweza kumtuma katibu, lakini rejista za zamani zilikuwa chini ya ufunguo wa Mama Mafundo, na hakutaka maswali mengi njiani. Stoo ilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha upande mmoja, kinanuka karatasi mpya na gundi. Mama Mafundo alikuwa amekaa kwenye kigoda, anahesabu nyuzi na kuzifunga mafungu ya hamsini hamsini. Alishangaa kumwona. Makamu Mkuu wa Chuo hashuki stoo, labda kuwe na moto.

Wakasalimiana, wakaulizana hali za nyumbani. Kisha Profesa akasema anahitaji kujua jina la mtahiniwa mmoja wa zamani. Akautaja mwaka. Akaitaja namba.

Mama Mafundo hakuinuka. Alimaliza fungu alilokuwa nalo mkononi, akalifunga, mafundo mawili, akaliweka juu ya mengine.

"Mia nne kumi na saba ni mimi, Profesa."

Profesa alikaa bila kukaribishwa, juu ya boksi la madaftari. Miaka ishirini na tisa amekuwa akimsalimia mwanamke huyu. Alimsainia vyeti viwili vya utumishi wa muda mrefu na kumpa mkono mbele ya watu. Alifanya mzaha juu ya jina lake, na ukumbi ukacheka. Akaingiza mkono kwenye koti na kuzitoa zile karatasi.

Mama Mafundo hakuzipokea papo hapo. Alifuta mikono kwenye gauni, akavaa miwani, kisha akazichukua kwa ncha za vidole. Hakutazama maandishi. Alitazama kile kipande cha uzi.

"Fundo moja," akasema. "Miaka yote hii sikuwa na hakika kama nilifunga moja au mawili."

Hapo ndipo Profesa alipolielewa jina la mama huyo, na akaona aibu kubwa kuliko aliyoiona tangu azaliwe. Kumbe kila mtihani, kwa miaka ishirini na tisa, mama huyu alipokuwa akisimama mbele ya watoto wa watu na maneno yake ya mafundo, alikuwa akijilaumu mwenyewe mbele ya hadhara, na wao wakidhani ni kichekesho.

Alimuuliza ilikuwaje akaja kufanya kazi hapa, mahali hapa hasa. Mama Mafundo alimsimulia bila uchungu, huku mikono yake imerudi kwenye nyuzi. Alikaa nyumbani mwaka mzima na ushei. Kisha akaona tangazo la kazi ya tarishi ofisi ya mitihani, akajiambia kwamba kama mlango wa mbele umemkataa, wa stoo si mlango? Alitaka kuwa karibu na mahali karatasi zinapopotea, ajue zinapoteaje. Alimchukia Profesa miaka mitatu kamili, halafu akachoka, maana chuki nayo ni ajira, na haina likizo. Kama alishangaa kutotambuliwa? Hapana. "Siku ile hukuinua kichwa," alimwambia. "Ungenijulia wapi?"

Profesa akaanza kuomba radhi, na katikati ya kuomba radhi akaanza kuahidi. Angepeleka jambo hili Seneti, shahada ingetolewa, yeye mwenyewe angehakikisha. Mama Mafundo aliinua mkono, kama anavyowainulia wanafunzi wanaoandika baada ya kengele.

"Isahihishe kwanza."

Profesa akamtazama.

"Wewe unanipa shahada, na hujui kama nilifaulu. Huenda niliandika upuuzi. Isahihishe kama ulivyosahihisha za wenzangu. Sitaki ya huruma."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa kalamu nyekundu, akampa. Kisha akavuta rejista ya mwaka ule kutoka rafuni, bila kutafuta, kama mtu anayejua ilipo ndizi mbivu kwenye chane yake mwenyewe, akaifungua mbele yake. Thelathini na tatu, kwa mwandiko wa Profesa. Kwenye safu ya swali la nne, kistari. Zilihitajika alama saba kati ya ishirini.

Profesa Nusu alikuwa amesahihisha maelfu ya karatasi maishani mwake na hakuna aliyowahi kuiogopa. Hii aliiogopa. Swali liliuliza kwa nini vipande viwili vya shamba moja, vilivyopata mvua ile ile siku ile ile, vinakauka kwa nyakati tofauti, na lilitaka hesabu za kuthibitisha. Aliogopa mawili kwa pamoja: kwamba huruma itamfanya aone jibu zuri mahali ambapo halipo, na kwamba jibu litakuwa baya kweli, na itambidi amtazame mama huyu usoni na kumfelisha mara ya pili. Alisoma polepole. Msichana wa miaka ishirini na mitatu alianza na mfinyanzi na mchanga, akaeleza vizuri jinsi vitundu vya udongo vinavyoshika maji, akachora mchoro mdogo nadhifu. Ukurasa wa pili alikosea vipimo vya hesabu, Profesa akakata alama mbili, na kukata huko kuliuma kama jino. Stoo nzima ilisikika saa yake ya mkononi, ile kuukuu ya kutia ufunguo aliyoinunua kwa mshahara wa kwanza. Mama Mafundo alihesabu nyuzi. Baadaye alikiri kwamba fungu lile alilihesabu mara sita na kila mara lilitoka namba tofauti.

"Kumi na tatu na nusu," Profesa akasema. Akashika kalamu aandike, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, nusu alama.

"Andika kumi na tatu," Mama Mafundo akasema. "Mimi sitaki kuwa wa kwanza. Watasema umenipendelea."

Wakacheka. Walicheka kama watu wawili walioteremsha mzigo mmoja, mpaka kicheko cha Profesa kikageuka kikawa kitu kingine, akavua miwani akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alama arobaini na sita. Alifaulu. Alikuwa amefaulu siku zote.

Seneti ya chuo ilikutana wiki iliyofuata. Ajenda hiyo ilipofika Profesa alimwachia naibu wake kiti, akahamia upande wa meza wanakokaa wenye mashauri, akavua saa na kuiweka mbele yake kama afanyavyo siku zote anapotaka kusema kwa ufupi. Alisoma ukurasa mmoja. Hakutaja wingi wa madaftari yale, wala tasnifu, wala usingizi. Alisema alikuta namba nne kwenye jalada, akaizungushia duara, na badala ya kutafuta karatasi akamtilia shaka mwanafunzi. Mwanafunzi alimwendea na kumwambia ukweli, naye hakuinua kichwa.

Wajumbe walikohoa. Naibu, mtu mpole ambaye kosa lake ni kupenda mambo yaishe vizuri, alipendekeza funika kombe mwanaharamu apite: mama apewe shahada ya heshima kwa utumishi wake mrefu, apigiwe makofi, na hizi karatasi zirudi kitabuni. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Ilikuwa njia laini, na kila mtu angetoka humo na nguo zake.

Profesa alisema shahada ya heshima hupewa mtu ambaye hakufanya mtihani. Huyu aliufanya na akaushinda. Anachostahili ni matokeo yake, yenye mwaka wake, na sababu ya kuchelewa iandikwe. Kisha akaomba herufi za bati zisipandishwe, kwa kuwa haingependeza wanafunzi waingie kufanya mtihani chini ya jina la aliyepoteza karatasi. Hapo palizuka ubishi mrefu kuliko ule wa shahada, lakini alishinda. Mpaka leo ukumbi ule unaitwa Ukumbi wa Mitihani tu, na zile herufi sijui zilikwenda wapi.

Kwa hesabu za kawaida mambo yalikuwa yamekwisha. Mahafali yalibakiza wiki mbili, fundi alishampima Mama Mafundo joho. Lakini siku tatu baada ya Seneti alikuja ofisini kwa Profesa, akaketi, jambo ambalo miaka thelathini na moja iliyopita hakukaribishwa kulifanya, na kusema ana ombi moja. Alishukuru kwa Seneti. Hata hivyo, Seneti haikuwa baba yake.

Baba yake alikuwa fundi saa, na umri wake sasa miaka themanini na saba. Hakuwahi kusoma zaidi ya darasa la nne. Binti alipochaguliwa kwenda chuo kikuu, mzee alimtangazia kila mteja aliyeleta saa, hata waliokwisha kuambiwa. Kisha binti akarudi na sanduku, bila shahada. Alimwambia baba yake kwamba aliandika, karatasi ndizo zilizopotea. Mzee aliwaza, halafu akasema mwalimu wa chuo kikuu hawezi kupotewa na karatasi mbili. Hakumgombeza. Hakulitaja tena jambo hilo, siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na kule kutolitaja ndiko kulikokaa nyumbani mwao kama mtu wa tatu. Mama yake alifariki akijua mwanawe alifeli. Mtaa nao ulijua.

"Mahafali ni ya chuo," Mama Mafundo akasema. "Mimi nataka baba akusikie wewe. Mimi alishanisikia."

Wakaenda Jumamosi alasiri. Ilikuwa nyumba yenye baraza, mtaa wa mafundi wadogo wadogo: kinyozi ng'ambo, mshona viatu pembeni, na bomba la maji ambapo wanawake walikuwa wamepanga ndoo na maongezi. Mzee alikuwa barazani, mezani kwake, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, mbele yake saa zimefunguliwa matumbo. Profesa akatoa shikamoo, akapokelewa, akapewa kiti kifupi kilichomfanya amtazame mzee kutoka chini. Mama Mafundo alibaki amesimama mlangoni. Profesa alisema yeye ni nani. Kisha, kwa sauti ya chini inayofaa mambo ya aibu, akasema lililomleta.

Mzee akatoa kioo jichoni, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Uzee huu."

Profesa akapandisha sauti. Akaeleza tena: mtihani, karatasi mbili, kitabu cha ramani. Ng'ambo, mashine ya kinyozi ikanyamaza.

"Nani alipoteza?" mzee akauliza, ameinamisha kichwa. "Hapo sikukupata."

"Mimi, mzee." Sasa alikuwa anasema kama yuko kwenye ukumbi wa watu mia tano. "Mimi ndiye niliyepoteza. Binti yako aliandika, na alisema kweli, na alifaulu. Kosa lilikuwa langu."

Pale bombani maji yalikuwa yanafurika ndoo na hakuna aliyeisogeza. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kwake pamoja na mteja mwenye kichwa kilichonyolewa nusu. Mshona viatu alikuwa na sindano hewani. Mzee akawatazama wote, mmoja mmoja, bila haraka, kama anayehakikisha kwamba hakuna aliyekosa. Kisha akamgeukia binti yake. Akamvutia kigoda kilichokuwa chini ya meza, akakifuta vumbi kwa kiganja, akamwashiria aketi karibu naye. Akamwambia jambo kwa sauti ndogo sana, maneno mawili matatu, na Mama Mafundo, ambaye Profesa hakuwahi kumwona akilia hata stoo, akafunika uso kwa mikono yote miwili.

Muda ukapita. Mzee akaokota kioo chake, akakirudisha jichoni, akanyoosha kiganja kwa Profesa.

"Haya, lete hiyo saa yako nikuangalizie," akasema. "Mshale wa sekunde unakwama kila ukifika juu. Naisikia tangu ulipokaa."